Simu, Traka na Kengele ya Mlango: Kumtunza Mzee Mwenye Ugonjwa wa Kusahau

Mimi ni fundi wa simu hapa Kisumu. Wateja wanaokuja na simu za wazazi wao wamezidi kuwa wengi, na malalamiko yao yanafanana. Mama anapiga simu asubuhi nzima akiuliza jambo lile lile. Baba ametuma pesa kwa mtu asiyemjua. Mzee aliyestaafu reli zamani ametoka alfajiri akisema anachelewa kazini. Kisha linafuata swali: "Fundi, kuna programu gani ya kumsaidia?"

Programu zipo, ila nyingi zinamtaka mzee afungue simu, asome, achague, aguse hapa na pale. Mtu ambaye kumbukumbu inamtoka hajifunzi kitu kipya kwa urahisi, na alichokishika leo kesho hakipo. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote jiulize: hiki kifaa kinamtaka mgonjwa akumbuke nini? Kama jibu ni hakuna, kinafaa. Kama kinamtaka akumbuke kukichaji tu, basi kuchaji iwe kazi ya mtu mwingine, mtu mwenye jina, si "mtu yeyote aliye karibu".

Nimewaandikia hasa walioko Kisumu, Nakuru, Eldoret au Nairobi, huku mzazi akiwa nyumbani Vihiga, Siaya, Kakamega au Busia na msaidizi mmoja. Mnaoishi naye nyumba moja Manyatta au Kaptembwa pia mtapata la kutumia.

Hatua ya 1: Hospitali kwanza, na simu iwe shahidi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa wa Alzheimer, aina moja ya dimensia, unachangia asilimia 60 hadi 70 ya visa hivyo. Lakini si kila anayesahau ana Alzheimer. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, huzuni ya muda mrefu, kaswende, virusi vya Ukimwi, damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata dawa zinazogongana, vyote huweza kumfanya mtu aonekane amepotelewa na akili. Baadhi ya hayo hutibika kabisa. Ukikimbilia traka, kile kifaa cha kukuonyesha mtu alipo, kabla ya kipimo cha damu umeanzia mwisho.

Shida ni kwamba mzee akiingia kwa daktari huwa timamu ghafla. Anasalimia, anatania, anasema "niko sawa, ni hawa watoto wana wasiwasi." Hapo ndipo simu yako inasaidia. Mrekodi video fupi za dakika moja moja akifanya mambo ya kila siku: akipika chai, akihesabu chenji, akitafuta mlango wa chumba chake. Mwambie kwa nini unarekodi. "Baba, nataka daktari aone vile unahangaika na hizi funguo." Video hizo ni za daktari, si za kuweka kwenye status.

Ongeza picha ya kila dawa anayomeza, pamoja na za kienyeji, ukipiga pande zote mbili za pakiti. Andika ni lini ulianza kuona mabadiliko. Halafu hakikisha amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Usajili unafanyika hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, kupitia *147#. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, nao wakiona inafaa watawaandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa: Jaramogi hapa Kisumu, ya kaunti pale Kakamega au Nakuru, au Moi kule Eldoret.

Kama mzee amebadilika kwa siku moja au mbili tu, jana alikuwa anajijua na leo anaweweseka, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka au kiharusi. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Mwachie simu aliyoizoea

Kila Disemba naona jambo moja. Watoto wanarudi nyumbani na simu janja kubwa ya kioo, wanampa mama aliyetumia kabambe miaka kumi. Januari mama hapatikani. Vidole vyake vinajua vibonyezo vya ile kabambe hata siku ambayo kichwa kimechoka, lakini kioo hakina kitu cha kupapasa. Kama simu yake inafanya kazi, iache. Tena nunua nyingine ya aina ile ile sasa hivi, uiweke kabatini, maana siku ikitumbukia chooni huenda hiyo aina haiuzwi tena.

Kabambe yenyewe iseti hivi. Futa majina, ubakize matano au sita, na uyaandike vile yeye anavyowaita watu. Kama anakuita "Mama Brayo", usijiandike "Mercy Nakuru". Weka namba yako kwenye kibonyezo cha 2 ili akikishikilia simu ijipige yenyewe, kisha upake rangi nyekundu ya kucha juu ya kibonyezo hicho. Ile rangi haitoki upesi, na kwa jicho la mzee inaonekana kuliko namba yenyewe. Kama simu ina kitufe cha SOS nyuma, jaribu ujue kinampigia nani; wengine hukibonyeza kila wakiketi, na hapo ni heri ukizime. Baadhi ya kabambe zina mahali pa kukubali simu za watu waliohifadhiwa tu. Washa hiyo, na matapeli nusu watakuwa wamefungiwa nje.

Kuhusu chaji, usimtegemee. Nunua betri ya pili. Msaidizi anabadilisha kila asubuhi wakati wa chai, moja iko kwa simu, nyingine iko kwa chaja. Stima ikipotea siku mbili, bado mna akiba.

Kama amezoea simu janja, ondoa kila kitu kwenye skrini ya mbele, uache picha za watu wanne ambazo ukizigusa zinapiga moja kwa moja. Baadhi ya simu, zikiwemo nyingi za Samsung, zinaweza kujipokea zenyewe baada ya sekunde chache; utaikuta sehemu ya ufikivu ndani ya mipangilio. Inafaa kwa anayesikia simu ikilia lakini hakumbuki afanye nini nayo. Ila kumbuka kwamba simu inayojipokea humpokea kila mtu, kwa hiyo zuia namba ngeni kwanza.

Na yale ya kupigiwa mara kwa mara? Usimfungie namba. Kwake kila simu ni ya kwanza. Gawaneni saa: asubuhi ni zamu ya dada, mchana ni yako, na kila anayepokea ajibu kwa sentensi ile ile fupi. "Niko salama, mama. Jumamosi nakuja." Kubishana naye kwamba ameshauliza hakusaidii, mnaishia kulia wote wawili.

Hatua ya 3: Pesa

Familia nyingi hugundua ugonjwa kupitia ujumbe wa M-Pesa. Mia tano kwa kanisa asubuhi, mia tano tena saa sita, mia tano tena jioni. Matapeli nao hunusa haraka. Mzee akiambiwa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", hana kumbukumbu ya kukanusha, na kwa vile alilelewa kwa adabu, anarudisha.

Usimnyang'anye kila kitu. Mama aliyezoea kutoa sadaka na kununua sukari akiwa mikono mitupu atatangatanga akitafuta pesa zake, na atamshuku msaidizi kuwa mwizi. Mwachie kiasi kidogo mkononi na kidogo kwenye simu, cha kupotea bila kuumiza. Akiba kubwa ihamishwe kabla mambo hayajaharibika, yeye akiwepo na akielewa. Piga *334# mkiwa pamoja, muingie sehemu ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mjiondoe, ili hata akituma asichonacho mashine isimkopeshe.

Mahitaji yalipie wewe moja kwa moja. Mwenye duka ana till, namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa, muuza dawa ana till, na anayeleta maziwa ana namba. Msaidizi anachukua vitu, wewe unalipa ukiwa ofisini Nakuru, na kila mtu ana ujumbe wa ushahidi. Malipo yanayojirudia, kama mshahara wa msaidizi, yanaweza kuwekwa kwenye M-Pesa Ratiba, iliyoanza 2024, yakajituma tarehe ileile.

Pesa zikienda kimakosa, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 haraka iwezekanavyo. Namba ya tapeli iripotiwe kwa 333. Na uandike kwa herufi kubwa ukutani, kwa ajili ya msaidizi, kwamba Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000 pekee.

Jambo moja la wanasheria, maana huja kwangu likiwa limevaa nguo za simu: "Fundi, nifungulie simu ya mzee, nataka kuingia kwa akaunti zake." Sifanyi hivyo, na wewe usimtafute atakayefanya. Namba ya siri ni ya mwenye laini. Hati ya uwakilishi, ile karatasi ya kumruhusu mtu atende kwa niaba yake, ina mipaka. Mzee akishapoteza uwezo wa kuamua, ni mahakama inayoteua msimamizi wa mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Mwoneni wakili mapema, hasa kama kuna shamba, kwa sababu wapo wanaomtembelea mzee na karatasi na wino wa kidole gumba.

Hatua ya 4: Mlango, taa na jiko

Hapa vifaa ni vya bei ndogo na ndivyo vinavyookoa watu zaidi. Kengele ya mlango ya sumaku ina vipande viwili: kimoja kwenye fremu, kingine kwenye mlango. Mlango ukifunguliwa vinaachana na kengele inalia. Iweke juu kabisa, na kama inatoa mlio wa king'ora, badilisha au uizibe kwa tepu mpaka iwe mlio mpole, vinginevyo mzee ataogopa na kukimbia kweli. Usimfungie mtu ndani kwa kufuli akiwa peke yake. Moto hauna subira.

Taa za sola zenye kihisi, zile zinazojiwasha mtu akipita, zifunge kutoka mlango wa chumba chake mpaka chooni. Kwa nyumba zetu za kijijini choo kiko nje, na anguko nyingi hutokea kwenye zile hatua chache za saa tisa usiku. Simama pale usiku mwenyewe ujaribu. Taa ikifungwa chini sana humrushia kivuli kirefu ukutani, naye ataona mtu amesimama.

Gesi ifungwe kwenye mtungi, si kwenye jiko tu, kila baada ya kupika. Birika la umeme linalojizima ni zuri kuliko sufuria jikoni. Jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba hata kama ni Julai na Nakuru kuna baridi.

Hatua ya 5: Traka

Sasa tufike kwenye kile mlichokuja kukitafuta.

Zile traka ndogo za Bluetooth zenye umbo la sarafu, kama AirTag, hazifai kijijini. Hazina setilaiti wala laini. Hutegemea simu za watu walio karibu, na AirTag hutegemea vifaa vya Apple. Katikati ya miwa ya Mumias, nani amebeba iPhone?

Unachotaka ni traka ya kubeba yenye laini ndani, ndugu ya zile tunazofunga kwenye pikipiki za mkopo. Inapata mahali ilipo kwa setilaiti, kisha inakutumia kwa SMS au kwa data. Ya SMS inatosha, na inafanya kazi hata pale ambapo mtandao wa kasi haujafika. Iwe saa ya mkononi au kidude kidogo cha mfukoni, utaratibu ni huu:

Nunua laini mpya, isajili kwa jina lako, na uondoe namba ya kuifungua (PIN) kabla ya kuiingiza kwenye traka. Weka kredo kidogo, na ujiwekee alama kwenye kalenda ya kuongeza kila mwezi. Traka nyingi hutoka kiwandani na neno la siri la 123456. Libadilishe siku hiyo hiyo, maana anayelijua pamoja na namba ya laini anaweza kumfuatilia mzazi wako kama wewe. Hifadhi namba mbili za kupokea taarifa, yako na ya mtu aliye karibu na nyumbani. Tuma ujumbe wa kuuliza mahali. Amri zenyewe zinatofautiana, ziko kwenye kijikaratasi cha ndani ya boksi. Itakujibu kwa kiungo cha ramani.

Baada ya hapo itembeze. Ibebe mfukoni upite njia zake: kanisani, sokoni, kisimani, kwa shemeji yake. Utagundua kwamba chini ya mabati traka hupofuka, kwa kuwa chuma kinazuia setilaiti, na hivyo ikikuonyesha yuko kwa jirani inaweza kumaanisha yuko kitandani kwake. Utajua pia sehemu ambazo laini haishiki. Kama ni hivyo jaribu laini ya kampuni nyingine.

Betri ndiyo inayoangusha watu. Traka inayotuma taarifa kila dakika haimalizi siku. Iseti kila nusu saa, au itume tu akivuka uzio, ile duara unayochora kwenye ramani kuzunguka boma. Duara hiyo usiibane sana, ikiishia mlangoni utapigiwa kelele kila akienda kuangalia kuku, na wiki ya pili hutazijali tena.

Utaiweka wapi? Mahali pasipomtaka akumbuke. Mtazame siku nzima uone ni kitu gani hakiachi. Wazee wengine ni koti, hata kwenye jua la Ahero. Wengine ni kofia. Kina mama ni kipochi cha kanisani au leso ya kiunoni. Fundi cherehani ashone mfuko mdogo ndani ya bitana, wenye zipu, na traka iingie humo. Kama ana makoti mawili, ni mifuko miwili na msaidizi anahamisha. Na mwambie. Akiwa bado katika hatua za mwanzo, keti naye umuulize: "Baba, ukiwa mbali napata wasiwasi. Ukibeba hiki nitajua umefika." Wengi hukubali. Anayekataa asikilizwe, mjaribu tena baadaye au mtafute njia nyingine. Ni mtu mzima, hajawa mzigo wa posta.

Hatua ya 6: Waambie majirani kabla hajapotea

Familia hupenda kuficha. Magharibi mwa Kenya kuficha kunaweza kuua. Bibi aliyepotea njia akakutwa saa nane usiku ndani ya boma la watu, nguo zimekaa vibaya, hajui kujieleza, anaweza kuitwa mchawi kabla hajaitwa mgonjwa. Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Na siku hizi kabla ya jiwe hutangulia kamera: mtu anarekodi, anarusha mtandaoni, na maneno yanasambaa.

Tembea mwenyewe, usitume ujumbe. Nenda kwa mzee wa kijiji au nyumba kumi, kwa mwenye duka, kwa mlinzi wa shule, na muhimu kuliko wote, kwa mwenyekiti wa stendi ya boda. Mwambie: "Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Akipanda pikipiki, mrudishe nyumbani kwanza, mimi nitakulipa kwa M-Pesa hata kama hana kitu." Timiza ahadi hiyo bila kuchelewa. Hakuna traka inayolingana na vijana wa boda kumi na watano wanaomjua mama kwa sura.

Mtafute pia mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu. Serikali ilizindua kundi la takriban 100,000 mwaka 2023, wana simu na vifaa vya kupima presha na sukari, na hupita nyumbani. Presha na sukari zisizodhibitiwa huharibu mishipa ya ubongo, kwa hiyo kipimo hicho ni sehemu ya utunzaji huu.

Mvalishe bangili yenye namba mbili za simu. Jina la ugonjwa si lazima. Andika pia namba ndani ya ukosi wa shati kwa kalamu isiyofutika.

Hatua ya 7: Akipotea

Tafuteni kwanza nyumbani: chooni, ghalani, nyuma ya nyumba, ndani ya gari bovu. Wakati huo mmoja aulize traka na mwingine apigie boda. Kisha fuateni maisha yake ya zamani. Aliyefanya kazi reli huelekea stesheni, mwalimu huelekea shule, mama huelekea kwao alikozaliwa hata kama boma lile liliisha zamani. Orodha ya mahali hapo iandikwe leo, kabla haijahitajika. Sehemu zenye miwa, mto au ziwa ziangaliwe mapema. Mtu aliyeketi ndani ya miwa haonekani hata ukipita mita tano kutoka kwake, na mara nyingi haitiki akiitwa. Mwiteni kwa jina la utotoni.

Msikubali kuambiwa mrudi kesho. Nendeni kituo cha polisi, mwandikishe, mpate namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. 999 na 112 zipo pia. Tangazo la WhatsApp liwe na picha ya karibuni ya mwili mzima (piga moja kila mwezi), nguo alizovaa, lugha anayojibu, mahali alipoonekana mwisho na namba mbili. Usiweke namba ya kitambulisho. Jiandaeni kwa watakaopiga wakidai wamempata na wanataka nauli kwanza. Waambieni wampe mzee simu aongee. Akipatikana, fungueni tangazo na kulifuta kila mlikoliweka, vinginevyo litazunguka mwaka mzima.

Hatua ya 8: Kikundi cha familia, msaidizi na kamera

Kila familia ina kikundi cha WhatsApp chenye watu ishirini wanaotuma mikono ya maombi na mmoja anayebadilisha shuka. Fungueni kingine kidogo cha wanaofanya kazi tu. Kila jioni msaidizi atume sauti ya dakika moja, kwa Kiluhya, Kijaluo au lugha yoyote iliyo rahisi kwake: amekula nini, dawa amemeza, amelala vipi, choo. Dawa zikae kwenye kisanduku cha siku saba, na picha ya tundu tupu itumwe kila asubuhi. Alamu ya simu haimezeshi dawa, mzee ataizima na kuendelea na mambo yake. Iwe ya kumkumbusha msaidizi.

Bando la msaidizi mlilipe nyinyi. Simu yake ndiyo kiungo chenu chote, na haifai akatwe mshahara kwa kuwatumia habari. Mtu huyo pia anachoka, kuliko mnavyodhani. Apewe siku ya kupumzika inayojulikana, na mtu wa kushika zamu awe anajulikana pia. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya mtandaoni kwa watunzaji yanayoitwa iSupport. Mmoja wenu mwenye intaneti nzuri asome, kisha amweleze kwa sauti fupi fupi. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya nalo huwakutanisha watunzaji, na kusikiliza mwenzako anayepitia hayo hayo hupunguza uzito.

Kamera? Naziuza, lakini nasema ukweli. Kamera inakuonyesha kilichotokea, haimzuii mzee asianguke. Ukiiweka, iwe sebuleni au mlangoni. Bafuni na chumbani hapana. Msaidizi aambiwe siku ya kwanza, na mzee aambiwe pia. Neno la siri libadilishwe, na watakaoona wasizidi wawili. Kama unaiweka kwa siri kwa sababu humwamini msaidizi, tatizo lako si la kamera, tafuta msaidizi mwingine.

Hatua ya 9: Redio

Hiki ndicho kifaa ninachokipenda. Televisheni huchanganya wengi. Nimemwona mzee akimsukumia mtangazaji wa habari kikombe cha chai, akakasirika kwamba mgeni hanywi. Habari za vurugu jioni humharibia usiku, na jioni ndipo wengi huwa na wasiwasi zaidi. Redio ndogo inayochukua flashi ni nzuri: jaza rumba, benga na nyimbo za kanisa za ujana wake, uzibe vibonyezo vyote kwa tepu isipokuwa cha kuwasha na cha sauti. Mtu asiyekumbuka jina la mjukuu huweza kuimba ubeti mzima. Msaidizi amwogeshe wimbo ukiendelea, ugomvi utapungua. Asubuhi wamwekee stesheni ya lugha yake.

Kama pesa hazitoshi

Anza na mambo ya bure: namba za simu zilizosafishwa, rangi ya kucha, kutembelea boda. Kisha kengele ya mlango na taa moja ya njia ya choo. Halafu bangili, betri ya pili, redio. Traka ni baadaye, na tu kama mzee anatembea. Kamera mwisho, au usinunue kabisa.

Rudia ukaguzi kila baada ya miezi mitatu, maana ugonjwa unasonga. Simu aliyoitumia vizuri Machi inaweza kuwa kitu cha kurushwa Agosti. Akifika mahali pa kulala tu kitandani, traka mpe jirani mwenye mzee mwingine, ukiisha kutoa laini yako. Laini ya mzee mwenyewe usiitupe droo: iwekee kredo kidogo na upige simu kwayo mara kwa mara, kwa sababu laini isiyotumika kwa miezi huondolewa na namba yake kupewa mtu mwingine, huku benki, SHA na ndugu wote wakiwa bado wanaijua kuwa yake.